Kuvuka jinsia ukiwa Uvira: nini kitangulie, nini kisubiri

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Nyakabere, Kavimvira, Mulongwe, Kalundu, Kiliba au Sange, huku Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye amejua kwa muda mrefu kwamba jinsia aliyoandikiwa siku ya kuzaliwa siyo yake, na sasa anatafuta pa kuanzia. Ukiwa mama yake, kaka yake, muuguzi au jirani, usome pia. Zimo sehemu zako.

Nimeuandika kwa sababu hapa kwetu wengi huanza na dawa. Msichana ambaye nyumbani bado anaitwa mvulana husikia kwamba vidonge vya uzazi wa mpango huotesha matiti. Anaingia famasi ndogo karibu na soko, anasema ni vya dada yake, anauziwa pakiti mbili bila swali, na jioni anameza vitatu badala ya kimoja akiamini vitatu vitaharakisha mambo. Hakuna aliyempima shinikizo la damu. Mguu ukivimba mwezi ujao, hataweza kumwambia mtu yeyote kwa nini umevimba.

Dawa zina nafasi yake na tutazifikia. Lakini mpangilio unaolinda uhai ni huu: usalama kwanza, kisha watu, kisha mabadiliko yanayoweza kurudishwa nyuma, kisha karatasi, na mwili mwisho. Wengine husimama katikati na kuishi vizuri. Hulazimiki kufika mwisho ili uhesabiwe kuwa wewe.

KABLA YA HATUA YOYOTE: JIELEWE

Mtu transi ni yule ambaye jinsia anayoijua ndani yake haifanani na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Wapo wanawake transi, walioandikwa wavulana. Wapo wanaume transi, walioandikwa wasichana. Wapo pia wasiojiona upande wowote. Hii haisemi unampenda nani. Hilo ni jambo jingine, na mtu transi anaweza kumpenda mwanamume, mwanamke, au asiwe na hamu ya mtu kabisa. Na haifanani na kuzaliwa na viungo vya uzazi visivyoonekana wazi kuwa vya kike au vya kiume. Hao nimewawekea kisanduku chao mbele.

Utaambiwa ni wazimu, au ni pepo. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa Mei 2019, ile iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliitoa hali hii kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuiweka kwenye sura ya afya ya kijinsia. Ilibaki kwenye orodha ili mtu apate huduma hospitalini, siyo ili atibiwe awe mwingine. Muuguzi au mchungaji akikuuliza, mjibu hivyo, kwa upole.

KISANDUKU: SHERIA INASEMA NINI PANDE HIZI ZA ZIWA

• Kongo: hakuna kifungu kinachokataza kuwa transi, wala kinachokataza mapenzi ya watu wazima wa jinsia moja. Mapendekezo ya kuyaharamisha yaliletwa Bungeni mwaka 2010 na 2013, hayakupita. Hatari iko kwenye kifungu cha 176 cha sheria ya makosa ya jinai, kinachoadhibu kuvunja adabu hadharani. Kifungu hiki hutumika kumtisha mtu na kumtoza pesa kwa sababu ya mavazi au mwendo wake tu.
• Burundi: tangu 2009 mapenzi ya jinsia moja ni kosa lenye kifungo. Februari 2023 watu 24 walikamatwa Gitega wakiwa kwenye semina.
• Tanzania: adhabu ni kubwa zaidi, kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha.
• Rwanda: hakuna sheria inayoharamisha.

Sheria za Burundi na Tanzania zinaadhibu tendo, hazitaji jinsia ya mtu wala mavazi yake. Ila polisi akimwona mtu ambaye sura haifanani na kadi, huliona tendo hata pasipokuwa na tendo. Kwa hiyo ukivuka Kavimvira kuingia Gatumba, au ukipanda boti Kalundu kwenda Kigoma, ujue umebadilisha sheria kabla ya kubadilisha lugha ya salamu.

HATUA YA KWANZA: PIMA USALAMA WAKO

Kwanza kwa nini. Mabadiliko yoyote, hata kutoboa sikio, hutangaza. Mtu anayekula kwa baba yake na kulala kwa baba yake akitangaza kabla ya kuwa na pa kwenda, anaweza kulala nje usiku huohuo, na mji huu umejaa silaha. Tangu Goma na Bukavu zilipotwaliwa mwanzoni mwa 2025, wengi wamehama mara mbili tatu, na njia iliyokuwa wazi jana inaweza kufungwa leo. Mpango wako usitegemee barabara moja.

1. Taja nyumba mbili unazoweza kulala ukifukuzwa saa nne usiku. Moja iwe kwenye mtaa mwingine. Ukikosa hata moja, usitangaze bado. Tafuta nyumba kwanza.
2. Weka nauli na pesa ya chakula cha siku chache mahali ambapo ndugu zako hawafiki. Kama ni kwenye simu, kumbuka kwamba M-Pesa na Airtel Money humwonyesha anayekutumia jina uliloandikisha laini. Mteja au rafiki mpya ataliona jina la zamani kabla hujamwambia lolote. Mwambie mapema, au mwombe mtu unayemwamini akupokelee.
3. Piga picha kadi yako ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa na diploma. Mpe nakala mtu mmoja wa nje ya nyumba. Watu waliofukuzwa huachwa bila karatasi, na bila karatasi kila bariera ni mlango wa pesa.
4. Funga simu kwa namba ya siri, siyo kwa kidole. Kidole chako mtu anaweza kukishika kwa nguvu.
5. Usikutane mara ya kwanza na mtu wa mtandaoni nyumbani kwake. Mtego wa kawaida ni huu: maneno matamu ya wiki mbili, mwaliko, kisha vijana wanne na kamera wanaodai dola. Kutana mchana, mahali penye watu, na mtu mmoja ajue uko wapi.

Kwenye bariera, kama kadi inasema M na wewe umevaa kitenge, usibishane na usikimbie. Jibu fupi linatosha: "Chef, kadi ni yangu. Angalia picha, angalia macho." Usieleze zaidi ya ulichoulizwa. Baadhi ya wanawake transi husafiri na shati pana na kofia ndani ya mkoba, wanavaa kabla ya bariera na kuvua baada yake. Kufanya hivyo si kujikana. Ni kufika.

Ukikamatwa, shika mambo matatu. Mawili ni ya Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 18 kinataka uambiwe sababu, uruhusiwe kuwasiliana na familia au wakili wako, na usizuiliwe polisi zaidi ya saa 48 kabla ya kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria. Kifungu cha 31 kinalinda maisha yako ya faragha na siri ya mawasiliano. Na usisaini karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa.

HATUA YA PILI: WATU, MMOJA MMOJA

Usianze na baba, wala na kikao cha familia. Kikao kina wazee, wazee wana heshima ya kulinda, na mbele ya wenzake hakuna atakayethubutu kusema neno la huruma. Anza na mtu mmoja ambaye umewahi kumwona akitunza siri ya mwingine. Kwetu mara nyingi ni shangazi, bibi, au dada mkubwa aliyeolewa mbali.

Jaribu maji kabla ya kuingia. Zungumza habari ya mtu mwingine uliyoisikia, uone uso wa unayemwambia. Akimlaani, umejua, na hujasema chochote chako. Akisema "huyo naye ni mtoto wa mtu", endelea siku nyingine.

Maneno yenyewe yawe machache. Mfano:

"Shangazi, nina jambo linanilemea tangu utotoni. Sijaiba, sijaua, sina ugonjwa. Ndani yangu mimi ni msichana. Sikuombi unisaidie leo, naomba tu ujue, na usimwambie baba mpaka mimi niseme."

Angalia alichofanya huyu. Amefunga kwanza milango ya hofu anayoijua kwa shangazi: wizi, mauaji, ugonjwa. Kisha akaomba kitu kidogo kinachowezekana. Watu wengi huomba kukubaliwa kwa siku moja, na shangazi aliyelemewa hujibu vibaya neno ambalo baada ya mwezi asingelijibu.

Kwa mzazi anayesoma hapa: mtoto akikuambia, kazi yako ya siku hiyo ni moja, alale ndani. Maswali yatasubiri. Usimpeleke kwenye chumba cha sala afungiwe, anyimwe chakula na kuchapwa hadi "pepo atoke". Kumfungia mtu ni kosa, na mtoto aliyerudi kutoka huko hurudi na woga wako, jinsia yake iko palepale. Usimwoze kwa nguvu ukidhani ndoa itamrudisha. Sheria namba 06/018 ya 20 Julai 2006 inaadhibu ndoa ya kulazimishwa kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 12, na inamlinda mtoto na mtu mzima pia. Ukitaka kusali, sali naye, mlango ukiwa wazi.

Ukihitaji wenzako, vipo vikundi vilivyoundwa na Wakongo wenyewe: Rainbow Sunrise Mapambazuko iliyoanzia Bukavu, na Jeunialissime ya Kinshasa. Waandikie kabla ya kusafiri, ujue hali ya sasa ya njia na ya ofisi.

HATUA YA TATU: YANAYOWEZA KURUDISHWA NYUMA

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watu wanaporuka haraka mno. Haya hayagharimu dola nyingi, hayaumizi yakifanywa vizuri, na yanakuonyesha kama njia hii ni yako kabla ya kugusa damu.

Jina. Eneo letu lina bahati hii: Bahati, Amani, Riziki, Shukuru ni majina ya wanaume na ya wanawake pia. Mtu anaweza kujiita Shukuru kanisani, sokoni na nyumbani bila kumshtua mtu, akaishi nalo mwaka mzima, na baadaye likawa ndilo analolipeleka mahakamani. Anza na marafiki wawili wakuite hivyo. Utajua ndani ya wiki kama linakukaa.

Sauti. Sauti ya kike si kubana koo. Rekodi sentensi moja kwenye simu kila asubuhi, dakika kumi, ukipandisha mlio kidogo na kuuleta mbele ya mdomo badala ya kifuani. Mwanamume transi afanye kinyume: aongee polepole, kutoka kifuani, amalizie sentensi chini. Usinong'one siku nzima. Kunong'ona huchosha koo kuliko kuongea. Koo likiuma, pumzika siku mbili.

Kifua. Wanaume transi wengi hufunga matiti kwa bandeji ya hospitali au kwa mkanda wa gundi. Acheni. Bandeji huzidi kukaza kila unapovuta pumzi, na inaweza kuumiza mbavu. Gundi huchubua ngozi, na joto la bonde la Ruzizi hugeuza mchubuko kuwa kidonda. Tumia sidiria ya michezo inayobana, au fulana ya ndani inayobana na shati pana juu.

KISANDUKU: KUFUNGA KIFUA BILA KUUMIA
☐ Saa 8 kwa siku, siyo zaidi
☐ Kamwe usilale nayo
☐ Vua ukibeba mizigo bandarini, ukicheza mpira, ukiwa na kikohozi, pumu au homa
☐ Ukihisi ganzi, kizunguzungu au maumivu ukivuta pumzi, vua hapohapo
☐ Osha na kausha juani kila siku

Hedhi. Kwa wanaume transi wengi hii ndiyo siku ngumu kuliko zote za mwezi, na dawa ya kupunguza mateso hayo iko kwenye kituo cha afya cha kawaida. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, Depo-Provera au Sayana Press, hupunguza hedhi na kwa wengi huisimamisha baada ya mara kadhaa. Miezi ya kwanza damu inaweza kutoka ovyo. Usikate tamaa mapema. Ikitumika miaka mingi hupunguza uimara wa mifupa, kwa hiyo mwambie muuguzi umeitumia tangu lini. Huhitaji kumweleza lolote kuhusu jinsia yako. Sema tu: "Dada, nataka sindano ya miezi mitatu." Mwanamke transi asiitumie akitafuta matiti: haina estrojeni kabisa.

HATUA YA NNE: KARATASI

Sheria ya familia ya Kongo, namba 87-010 ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa 15 Julai 2016, haina utaratibu wa mtu mzima kubadili alama ya jinsia kwa sababu ni transi. Atakayekuambia anaweza kukubadilishia M kuwa F kwa dola mia anakuuzia karatasi ya uongo, na kutumia karatasi ya uongo ni kosa la jinai juu yako, siyo juu yake peke yake.

Jina ni jambo tofauti. Kifungu cha 64 kinakataza kubadili jina ovyo, lakini kinamruhusu hakimu wa mahakama ya amani, ile watu wanayoiita Tripaix, kutoa idhini kukiwa na sababu ya haki. Kifungu cha 58 kinataka jina litoke kwenye urithi wa utamaduni wa Kongo na lisiwe la matusi wala la kudhalilisha.

1. Chagua jina linalopita kifungu cha 58. Majina niliyoyataja juu yanapita.
2. Kusanya ushahidi kwamba unalitumia: barua za kanisa au msikiti, kadi ya kazi, mashahidi wawili watu wazima.
3. Tafuta wakili. Muulize bei yote, kwa maandishi, kabla ya kumpa faranga ya kwanza. Muulize pia hukumu itatangazwa wapi na nani ataisoma.
4. Omba jina tu. Usiingize jinsia kwenye ombi.
5. Ukipata hukumu, ipeleke ofisi ya hali ya raia, kisha shule iliyotoa diploma, kisha ofisi nyingine. Tengeneza nakala nyingi zenye muhuri.

Hatua ya nne kwenye orodha hiyo nimejifunza kwa kesi ya Kenya. Audrey Mbugua alimaliza sekondari kwa jina la kiume na hakuweza kupata kazi kwa cheti kisichofanana naye. Hakumwomba jaji atamke yeye ni mwanamke. Aliomba jina kwenye cheti libadilishwe na alama ya jinsia iondolewe, kwa kuwa mtihani hausahihishwi kwa jinsia. Tarehe 7 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani lifanye hivyo. Sheria ya Kenya siyo yetu na hukumu ile haimfungi hakimu wa Uvira, lakini mbinu inafaa: mpe hakimu kitu kidogo anachoweza kukupa bila kuogopa. Wakili wako aweza pia kulitaja azimio namba 275 la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu la mwaka 2014, linalozitaka nchi kuzuia ukatili kwa sababu ya jinsia ya mtu. Kongo ni mwanachama wa Mkataba wa Afrika.

KISANDUKU: MTOTO ALIYEZALIWA NA VIUNGO VISIVYO WAZI
Huyu si mtoto transi, na si mkosi. Sheria inatoa siku 90 za kumwandikisha. Zitumie kumwona daktari wa watoto kabla ya kuandika jinsia. Akitapika mara kwa mara, akinyonya vibaya na kulegea katika wiki za kwanza, mkimbize Hospitali Kuu ya Rufaa usiku huohuo: kuna hali ya tezi ambayo humfanya mtoto wa namna hii kupoteza chumvi mwilini na kufa haraka. Upasuaji wa kumfanya aonekane wa kiume au wa kike si wa haraka. Kama anakojoa vizuri, aachwe akue aje aseme mwenyewe.

HATUA YA TANO: MWILI

Homoni hazimbadilishi mtu kwa wiki. Kwa mwanamke transi anayetumia estrojeni na dawa ya kuzuia homoni ya kiume, matiti huanza kuota kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na huendelea miaka 2 hadi 3. Ngozi hulainika. Sauti haipandi na ndevu haziondoki zote. Kwa mwanamume transi anayetumia testosteroni, hedhi husimama ndani ya nusu mwaka kwa wengi, sauti hushuka ndani ya mwaka, ndevu hufuata. Sauti hiyo haitarudi juu hata ukiacha dawa, na matiti yaliyoota hayatapotea yenyewe. Uwezo wa kuzaa unaweza kupungua au kupotea, na hapa kwetu hakuna pa kutegemea kuhifadhi mbegu. Kama unataka mtoto wa damu yako, fikiri kabla. Wakati huohuo testosteroni si kinga ya mimba: mwanamume transi anayelala na mwanamume anaweza kushika mimba hata kama hedhi imesimama.

Daktari wa homoni ni adimu mkoani kwetu. Lakini daktari wa kawaida aliye tayari kusoma anaweza kukufuatilia. Shirika la kimataifa la wataalamu wa afya ya watu transi, WPATH, lilitoa toleo la 8 la kanuni zake mwaka 2022. Mpelekee.

Utaratibu wenyewe:

1. Pima kwanza: shinikizo la damu, ini, figo, wingi wa damu, VVU, homa ya ini aina ya B na C.
2. Sema ukweli kuhusu sigara, pombe, na kama kuna mtu wa ukoo aliyeganda damu mguuni au kwenye mapafu.
3. Anza na kipimo cha chini alichoandika daktari. Kuongeza mwenyewe hakuharakishi matiti, huharakisha madhara.
4. Rudi kupimwa kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza, kisha mara moja au mbili kwa mwaka.
5. Kama ni sindano, kila sindano iwe mpya na yako peke yako.

Makosa ninayoyaogopa zaidi ni haya. Vidonge vingi vya uzazi wa mpango vina estrojeni ya aina inayogandisha damu zaidi kuliko zile zinazopendekezwa kwa wanawake transi, na kumeza vingi ni kucheza na uhai. Siprotironi, dawa ya kuzuia homoni ya kiume, ikitumika kwa wingi na kwa miaka mingi imehusishwa na uvimbe kwenye utando wa ubongo. Testosteroni ya watunisha misuli huuzwa bila mtu kujua kilichomo, na hata ile halali hufanya damu kuwa nzito. Na silikoni au mafuta ya kudungwa makalioni na kifuani, asikudanganye mtu: hutembea mwilini, huziba mapafu, na hakuna wa kuyatoa.

Liko jambo la Uvira peke yake ambalo vitabu vya Ulaya havitalitaja. Wanawake transi wengi hupewa spironolaktoni kuzuia homoni ya kiume. Dawa hii hubakiza potasiamu mwilini. Kipindupindu kwetu hakitoki. Kila mwaka wodi ya kipindupindu ya Hospitali Kuu ina watu kwenye vile vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini. Mtu anayepoteza maji kwa kuhara huku akimeza spironolaktoni, figo zake zinaweza kushindwa na potasiamu ikapanda hadi moyo ukasimama. Ukianza kuhara maji, acha kidonge siku hiyohiyo, anza kunywa maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya, nenda wodini, na mwambie muuguzi: "Natumia spironolaktoni." Sema ni ya shinikizo la damu ukiogopa, kwa kweli ni dawa ya shinikizo pia. Lakini itaje.

Mwenye VVU anaweza kutumia homoni. Kati ya dawa za VVU, dolutegravir haigombani na estrojeni. Efavirenz inaweza kuipunguza nguvu. Usiache dawa za VVU ili homoni "zishike". Sheria namba 08/011 ya 14 Julai 2008 inakataza kukubagua au kutangaza hali yako.

Upasuaji wa kubadili viungo haufanyiki Uvira. Anayekuahidi kwenye kliniki ya nyuma ya nyumba, mkimbie. Groote Schuur ya Cape Town ni mojawapo ya hospitali chache za serikali barani zinazoufanya, na foleni yake ni ya miaka mingi.

Chini ya miaka 18: hatua ya kwanza hadi ya tatu zinakutosha kwa sasa. Hakuna homoni bila daktari na mzazi. Jina, nywele, sauti na mtu mzima mmoja anayekuelewa vinaweza kukufikisha.

KISANDUKU: NENDA HOSPITALI SASA HIVI
☐ Mguu mmoja umevimba, una joto, unauma
☐ Pumzi imekata ghafla, kifua kinachoma, unatema damu
☐ Kichwa kinauma kuliko siku zote, macho hayaoni vizuri
☐ Macho au mkojo umekuwa wa njano iliyokolea
☐ Unafikiria kujiua. Usibaki peke yako usiku huo. Mwambie mtu mmoja kwa neno hilohilo

UKIBAKWA

Watu transi hubakwa kwa kisingizio cha "kukurekebisha". Sheria ya 2006 inamhesabu mwanamume kuwa anaweza kubakwa sawa na mwanamke, kwa hiyo hakuna polisi anayeweza kukuambia kesi yako haipo kwa sababu ya kadi yako.

1. Fika hospitalini ndani ya saa 72. Dawa ya kuzuia VVU hufanya kazi ndani ya muda huo, na ikianza mapema ni bora zaidi. Anayeweza kushika mimba anaweza kupewa dawa ya kuizuia hadi saa 120.
2. Ukiweza, usioge. Weka nguo kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa plastiki.
3. Tibiwa kwanza. Malalamiko ya polisi yanaweza kufuata. Matibabu hayasubiri polisi.
4. Omba cheti cha daktari na ubaki na nakala.
5. Nenda na mtu. Kama shangazi wa hatua ya pili yupo, ndiye wa kumwita.

UKIFIKIRIA KUKIMBIA NCHI

Sikuzuii, wapo walioishi kwa sababu walikimbia. Lakini uchague nchi kwa sheria yake, siyo kwa ukaribu wake. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria yenye adhabu hadi ya kifo, na kambi ya Nakivale iko ndani ya Uganda. Kwenye kambi ya Kakuma, Kenya, sehemu waliyokaa wakimbizi wa namna hii ilichomwa moto Machi 2021. Ukifika kwenye kambi yoyote, usieleze jinsia yako kwenye foleni wala kwa mkalimani wa kabila lako. Omba mahojiano ya faragha na afisa mwenyewe wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na omba kubadilishiwa mkalimani kama unamjua. Miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2012 inatambua kuteswa kwa sababu ya jinsia yako kuwa sababu ya ukimbizi. Simulia kwa tarehe na mahali, simulia vilevile kila mara, na beba zile picha za karatasi ulizompa rafiki katika hatua ya kwanza.